Jina la Ukalvini na Amri ya Nane

Somo: 1 Wakorintho 1:10–13



Mtume Paulo aliletewa habari na watu wa nyumbani mwa Kloe ya kwamba kanisa la Korintho lina magomvi. Mmoja alijiita mtu wa Paulo, mwingine mtu wa Apolo, mwingine mtu wa Kefa. Paulo hakupendezwa hata kidogo kulisikia jina lake likitumiwa hivyo. Aliwauliza kama ndiye aliyesulibiwa kwa ajili yao, na kama walibatizwa kwa jina lake. Wala hakusema kwamba Apolo ni mwalimu mbaya. Alilolikataa ni hili: jina la mwanadamu kufanywa bendera, na bendera ile kuwatenga ndugu na ndugu.

Leo nataka tulitazame jina moja la namna hiyo, maana hutajwa katika sharika zetu na watu wasiojua maana yake. Jina hilo ni Ukalvini.

Nitawaambia kwanza lililonifanya niandike. Katika usharika mmoja wa upande wa Kagera kijana wetu alitaka kumwoa binti wa Kanisa la Kipresbiteri kutoka Rwanda. Wazazi walikubali, mahari ilikwisha kusemwa, wakaja mbele ya wazee wa kanisa ili ndoa itangazwe. Mzee mmoja, mtu mwaminifu anayeheshimiwa na wote, akasimama akasema, "Binti huyu ni wa Wakalvini. Kwao Mungu hawapendi watu wote. Wengine amewaumba kwa ajili ya moto tu. Tena Meza ya Bwana kwao ni mkate mtupu. Tutamwachaje kijana wetu aingie humo?" Watu wakanyamaza. Binti akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nikamwuliza yule mzee, "Baba, mambo hayo umeyasoma wapi?" Akanijibu, "Sikuyasoma. Ndivyo tunavyosikia."

Ndugu, mara ngapi tumemhukumu jirani kwa neno hilo, "ndivyo tunavyosikia"? Basi tusiishie katika kusikia. Tutafute jina hili lilitoka wapi, lina maana gani, na Bwana anatutaka tulitumieje.

Jina lilitoka wapi

John Calvin alizaliwa tarehe 10 Julai 1509 katika mji wa Noyon, nchi ya Ufaransa. Mwaka 1536 alitoa huko Basel kitabu chake cha mafundisho ya dini ya Kikristo, naye aliendelea kukiongeza na kukitengeneza hata mwaka 1559. Mwaka ule ule wa 1536 alianza kazi katika mji wa Geneva. Mwaka 1538 alifukuzwa, akaenda Strasbourg kuwachunga wakimbizi Wafaransa. Huko alilikubali Ungamo la Augsburg kama lilivyotengenezwa upya na Philipp Melanchthon, mwenzake Luther, nao wawili wakawa marafiki. Mwaka 1541 aliitwa tena Geneva, akahudumu huko hata alipofariki tarehe 27 Mei 1564. Alizikwa pasipo alama juu ya kaburi, kwa maana ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Mtu huyu asiyetaka jina lake liandikwe hata juu ya jiwe la kaburi, ndiye ambaye jina lake limebandikwa juu ya makanisa ya nchi nyingi. Ni nani aliyelibandika? Yatupasa kukiri: ni sisi Walutheri. Mwaka 1549 Calvin na Heinrich Bullinger, mchungaji wa Zurich, walipatana juu ya Chakula cha Bwana. Mwaka 1552 Joachim Westphal, mchungaji wa Kilutheri wa Hamburg, akaandika kuwapinga kwa ukali. Katika mabishano yale neno Ukalvini likaanza kuenea, nalo halikuwa jina la heshima. Lilikuwa jiwe la kumtupia mtu. Mwaka 1563 Calvin mwenyewe, akimwandikia Friedrich III, mtawala wa Pfalz, alisikitika kwamba adui zao wanalitumia neno hilo kama tusi kubwa kuliko yote.

Tena lilikuwa jiwe zito. Amani iliyofanywa Augsburg mwaka 1555 iliwalinda katika dola ya Ujerumani Wakatoliki na wale wa Ungamo la Augsburg, wala hawakutajwa wengine. Kwa hiyo mtawala akiisha kuitwa Mkalvini, aliweza kupoteza ulinzi wa sheria. Friedrich huyo huyo, ambaye kwa amri yake Katekisimo ya Heidelberg ilitolewa mwaka 1563, alishtakiwa hivyo mbele ya baraza kuu la dola mwaka 1566. Akajitetea akisema kwamba yeye hajavisoma vitabu vya Calvin, hata hajui wanataka kusema nini kwa neno Ukalvini. Tazameni, ndugu! Mtu alikuwa karibu kuhukumiwa kwa jina ambalo hakulijua maana.

Wala sisi tusijivunie jina letu kana kwamba lilitoka mahali pengine. Nalo lilitolewa na wapinzani. Mwaka 1522 Martin Luther aliwasihi watu wasijiite kwa jina lake, bali wajiite Wakristo tu, maana mafundisho si yake, wala hakusulibiwa kwa ajili ya mtu awaye yote. Luther alijifunza jambo hilo kwa Paulo. Sisi tumelizoea jina letu, nalo latukumbusha Injili ya neema. Lakini aliyelichukua jina lililoanza kuwa tusi, asiwe mwepesi kumtupia mwenzake lingine.

Maana zake ni nyingi

Neno hili latusumbua pia kwa sababu limebebeshwa mizigo mingi.

Kwanza, wengine wakisema Ukalvini wataka kusema mafundisho ya Calvin mwenyewe, kama yalivyo katika vitabu na mahubiri yake.

Pili, wengine wataka kusema makanisa yote ya jamaa ile: Wapresbiteri wa Scotland, makanisa ya Matengenezo ya Uswisi, Uholanzi na Hungaria, na yale yaliyozaliwa nayo katika Afrika. Lakini makanisa hayo yana baba wengi. Zwingli alianza kazi Zurich mwaka 1519, kabla Calvin hajatimiza miaka kumi na moja. Wao wenyewe hupenda kujiita makanisa yaliyotengenezwa upya kwa Neno la Mungu.

Tatu, wengine wataka kusema jambo moja tu, yaani fundisho la uteule, na hasa yale mambo matano yanayohesabiwa mara nyingi. Mambo hayo hayakupangwa na Calvin. Yalitoka katika mkutano wa Dordrecht, nchi ya Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, miaka zaidi ya hamsini baada ya kufa kwake. Mkutano ule uliwajibu watu waliokuwa wameandika vifungu vitano vya kupinga, mwaka 1610. Mambo matano ni majibu ya maswali matano, wala si muhtasari wa imani yote ya makanisa yale.

Nne, wengine wataka kusema namna ya maisha: watu wakali, wasiocheka, wenye bidii ya kazi na fedha. Au tena wataka kusema mawazo juu ya serikali na elimu na mambo yote ya dunia, kama alivyofanya Abraham Kuyper wa Uholanzi alipofundisha juu ya Ukalvini huko Princeton, Marekani, mwaka 1898.

Basi mtu akisema mbele yako, "Hao ni Wakalvini," usimjibu upesi. Mwulize kwanza kwa upole: Ndugu, kwa neno hilo unataka kusema nini?

Mambo mawili aliyoyasema mzee

Sasa turudi kwa yule mzee. Alisema mambo mawili. Tuyapime kwa haki.

La kwanza ni Meza ya Bwana. Sisi twaungama kwamba katika mkate na divai Kristo anatupa mwili wake wa kweli na damu yake ya kweli, na kwamba wote wanaokula na kunywa wanavipokea, hata asiyestahili, naye kwa hukumu yake. Jambo hili hatuwezi kuliacha, kwa kuwa limesimama juu ya neno la Bwana mwenyewe, si juu ya imani yetu iliyo dhaifu. Mwaka 1529, huko Marburg, Luther na Zwingli walipatana katika vifungu kumi na vinne, na cha kumi na tano, kilichohusu Chakula cha Bwana, hawakukipatana chote. Lakini Calvin hakufundisha kwamba ni mkate mtupu. Alifundisha kwamba mwili wa Kristo uko mbinguni, walakini waaminio hulishwa kweli kweli kwa mwili na damu yake, kwa nguvu ya Roho Mtakatifu, wakipokea kwa imani. Hayo si mafundisho yetu. Tofauti ipo, tuiseme. Lakini anayesema kwamba kwao ni mkate mtupu, anawashuhudia uongo.

La pili ni uteule. Ni kweli kwamba Calvin alifundisha kuwa Mungu tangu milele amewaweka wengine kwa uzima na wengine kwa upotevu. Naye mwenyewe alikiri kwamba shauri hilo latisha. Hapa twatofautiana naye kabisa. Kanuni ya Concordia ya mwaka 1577, katika kifungu cha kumi na moja, yafundisha kwamba uteule ni wa uzima tu, nao umo katika Kristo. Mungu ataka kweli watu wote waokolewe. Na anayepotea hapotei kwa shauri la Mungu bali kwa kosa lake mwenyewe. Wahubiri na walimu, lishikeni sana fundisho hili, kwa maana ni faraja ya wanaokufa.

Walakini tuseme na upande wa pili. Calvin hakulibuni jambo la uteule. Augustino alikuwa amelifundisha miaka zaidi ya elfu moja kabla yake, na Luther mwaka 1525 aliandika juu ya utumwa wa nia ya mwanadamu kwa maneno mazito sana. Tena Calvin aliwaonya watu wasipande juu kuchungulia siri za Mungu. Aliwaambia wamtazame Kristo, maana Yeye ndiye kioo ambamo mtu auona uteule wake. Katika neno hilo twaweza kumpa mkono. Mgonjwa akikuuliza kitandani, "Mwalimu, nitajuaje kama nimechaguliwa?" usimpeleke Geneva wala Dordrecht. Mwonyeshe msalaba, mkumbushe ubatizo wake, mtangazie ondoleo la dhambi. Hapo ndipo Mungu amelifunua shauri lake.

Boriti iliyo katika jicho letu

Watu hupenda kumkumbuka Calvin kwa ajili ya Michael Servetus, aliyechomwa moto Geneva tarehe 27 Oktoba 1553 kwa kuukana Utatu. Ni habari ya kweli, nayo ni ya aibu. Calvin alisaidia kumshtaki. Aliomba tu auawe kwa njia nyingine isiyo ya moto. Lakini Melanchthon wetu alisifu hukumu ile. Nao Walutheri wa Saxony mwaka 1574 walimfunga Caspar Peucer, mkwewe Melanchthon, kwa kushukiwa kuwa Mkalvini wa siri, naye hakufunguliwa hata mwaka 1586. Na huko Dresden mwaka 1601 walimkata kichwa Nikolaus Krell, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi. Shtaka la kuingiza Ukalvini lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwangamiza. Tukiyataja ya Geneva, tusiyafiche ya Dresden.

Hata katika siku za karibu jina hili limetumiwa vibaya na vema. Huko Afrika Kusini wako waliojiita wafuasi wa Calvin wakautetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia mkononi. Lakini mwaka 1982, huko Ottawa, umoja wa makanisa ya jamaa ile ile ulitangaza kwamba kuutetea ubaguzi ule kwa mafundisho ya Kikristo ni uzushi. Na sisi? Miaka mitano mbele yake, mwaka 1977, Walutheri wa dunia yote walikutana Dar es Salaam, nao wakatangaza kwamba kuukataa ubaguzi ule ni jambo la ungamo la imani. Katika mkutano huo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa umoja wetu, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Basi katika jambo hili Walutheri na wale tunaowaita Wakalvini walisimama upande mmoja.

Mti mmoja, matawi mawili

Sasa nitawaambia lile nililomwambia yule mzee, nalo ndilo lililomketisha.

Mwaka 1907 wamisionari wa Betheli walitoka Tanganyika wakaingia Rwanda, na Ernst Johanssen alikuwa mmoja wao. Johanssen huyo huyo alikuwa amefika Mlalo, katika Usambara, mwaka 1891. Na mwaka 1910 misheni hiyo hiyo ilianza kazi Bukoba. Watu wa Betheli walitoka katika kanisa la Prussia, ambamo tangu mwaka 1817 Walutheri na watu wa jamaa ya Calvin walikuwa wameunganishwa. Ndipo vita ya kwanza ya dunia ikaja. Wajerumani wakaondolewa. Rwanda ikawekwa chini ya Wabelgiji, na Waprotestanti wa Ubelgiji wakaichukua kazi iliyoachwa. Kwa njia hiyo likakua Kanisa la Kipresbiteri. Bukoba na Usambara zikawa chini ya Waingereza, na watu wa Betheli wakarudi; makanisa ya huko yakashika njia ya Kilutheri, hata mwaka 1963 yakaungana na mengine kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Nikamwambia, "Baba, mbegu ya kanisa la binti huyu na mbegu ya kanisa lako zilipandwa na misheni moja. Serikali za Ulaya zilipogawana nchi, ninyi mkaitwa Walutheri, nao wakaitwa Wapresbiteri. Je, utamfukuza kwa ajili ya mpaka uliochorwa na vita?"

Mzee akakaa kimya kitambo. Kisha akamgeukia binti, akamwuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, mlipofundishwa juu ya Meza ya Bwana, mliambiwa nini?" Akajibu, "Baba, tuliambiwa kwamba Yesu mwenyewe anatulisha, nasi tuje tukiwa na njaa." Mzee akatazama chini. Akaniuliza, "Basi, mwalimu, hakuna tofauti?" Nikamjibu, "Tofauti ziko, baba, nasi tutazifundisha kwa kweli. Lakini zile ulizozitaja sizo." Akasimama, akampa binti mkono mbele ya watu wote, akamwomba radhi. Ndoa ikatangazwa Jumapili iliyofuata.

Yatupasa kufanya nini?

Wapenzi, sikusema haya ili tufanye mafundisho yote kuwa sawa. Asiyejali tofauti hajali kweli. Tarehe 16 Machi 1973, huko Leuenberg katika Uswisi, Walutheri na makanisa ya Matengenezo ya Ulaya walipatana kushirikiana katika mahubiri na katika Meza. Hawakusema kwamba baba zetu walibishana bure. Walisema kwamba hukumu zile za zamani haziwapati tena wenzao kwa yale wanayoyafundisha leo. Walifika huko kwa sababu walisomana na kusikilizana miaka mingi, wasitosheke na uvumi.

Ninyi walimu na wainjilisti, nawasihi mambo matatu. Msilitaje jina la Ukalvini katika mafundisho ya kipaimara pasipo kueleza maana yake. Mkieleza imani ya jirani, ielezeni hivi kwamba jirani mwenyewe akisikia aseme, "Naam, ndivyo tunavyoamini." Na mkiisha kuonyesha tofauti, msiwaache watoto na tofauti tu, warudisheni kwa Kristo.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo ametufundisha kwamba yatupasa kumtetea, kumnenea mema, na kuyaeleza mambo yake yote kwa wema. Wapresbiteri huihesabu amri hii kuwa ya tisa. Hesabu ni mbalimbali. Amri ni ile ile, na Mungu aliyeitoa ni Mmoja. Siku ile ya hukumu hatutaulizwa kama tulimshinda Mkalvini kwa maneno. Tutaulizwa kama tulisema kweli juu yake.

Ee Bwana Yesu, uliyesulibiwa kwa ajili yetu sote, utulinde ndimi zetu. Utupe kuishika kweli yako pasipo kuogopa, na kuwapenda ndugu zetu pasipo unafiki, hata utukusanye sote Mezani pako katika ufalme wako. Amina.